Misigiri: Basi Halikosekani, Karatasi Ndiyo Hukosekana

MSAFIRI anayetoka Singida mjini kuelekea Nzega, akishaipita Iguguno, hufika Misigiri pengine bila ya kutambua kwamba amefika. Ni mji wa njiani. Malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana, mabasi ya Mwanza na Dar es Salaam hupishana, na hapo hapo huchepuka barabara ya Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Ukiendelea mbele utauteremka mlima Sekenke, mahali ambapo Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kisha Shelui, kisha tambarare ya Wembere ambayo masika hujaa maji na kiangazi hupasuka kwa ukavu. Wapitao wengi huukumbuka mkoa wetu kwa kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti tu, nasi hatuwalaumu.

Kwa sisi wakazi, neema ya mahali hapa ni barabara yenyewe. Mtoto wa Misigiri hahitaji kuuliza atafikaje Dodoma, Morogoro au Mwanza. Husimama kando ya lami akanyoosha mkono. Hata hivyo kila mwaka wapo vijana waliofaulu kidato cha nne au cha sita ambao mabasi huwapita. Kazi ya katibu wa kamati ya msikiti ni karatasi: barua za utambulisho, mhuri, daftari la michango, daftari la ndoa. Kwa hiyo vijana hao huja kwangu na bahasha zao. Nikizifungua, mara chache sana naona tatizo la alama. Ninachokiona ni jina lililoandikwa kwa namna tatu, cheti ambacho hakijawahi kuombwa, namba ya simu ya mtu mwingine, tarehe iliyokwisha kupita. Mambo haya hayangojei mwezi wa Julai, na ndiyo sababu nawaandikia wazazi na vijana mapema.

Julai ndio mwezi wa matokeo ya kidato cha sita. Siku Baraza la Mitihani linapoyatangaza, vibanda vya steshenari vilivyo kando ya barabara yetu hujaa kuanzia asubuhi. Kijana mwenye kompyuta mbili na printa moja hugeuka kuwa mshauri wa elimu wa kata nzima. Simdharau, anafanya kazi ya halali na watu wanamhitaji. Lakini kazi yake ni kuchapa, si kushauri. Mzazi anayempa shilingi elfu kadhaa na kumwambia "mwombee mwanangu chuo," kisha akaondoka, amemkabidhi mtu baki jambo ambalo hata katika kununua mbuzi wa akika asingelimkabidhi.

Sisi tulio na umri wa miaka thelathini na kitu ndio wa kutahadharishwa zaidi, kwa kuwa tunadhani tunaujua utaratibu. Tuliupitia, kweli, lakini umebadilika. Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011 maombi ya shahada ya kwanza yalipita katika mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU): ulijaza machaguo yako, ukapangiwa. Tangu 2017/2018 mwombaji huomba moja kwa moja katika kila chuo akitakacho, na hulipa ada ya maombi kwa kila kimoja. Tume imebaki na kazi ya kutangaza tarehe za kufunguliwa na kufungwa kwa madirisha ya udahili, na kutoa kitabu cha mwongozo kinachoonesha sifa za kuingia katika kila programu. Kitabu hicho kimo katika tovuti ya Tume na husomwa bure. Kwa vyuo vya kati msimamizi ni NACTVET, iliyokuwa ikijulikana kama NACTE. Huko maombi ya kozi za afya hupitia mfumo wa pamoja wa Baraza hilo, ilhali kozi nyingine nyingi huombwa chuoni moja kwa moja. Mkopo ni jambo la tatu. Una ofisi yake, Bodi ya Mikopo (HESLB), una mfumo wake, dirisha lake na ada yake ya maombi, ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa shilingi 30,000. Kuomba chuo si kuomba mkopo. Ipo familia hapa iliyokaa miezi miwili ikingojea fedha ambazo hakuna mtu aliyeziomba.

Tena lipo jambo ambalo wazazi wengi wa huku hulisahau. Kijana anayemaliza kidato cha sita mwezi wa Mei huitwa JKT kwa mafunzo ya mujibu wa sheria, na Julai inapofika huenda yupo kambini, Msange huko Tabora, Makutupora Dodoma au mbali zaidi. Simu haishiki apendavyo. Matokeo yanatoka na dirisha linafunguliwa, naye yuko katika mchakamchaka. Basi kabla hajaondoka, mzazi akae naye jioni moja, waandike pamoja: kozi azitakazo kwa mpangilio, namba zake za mtihani za kidato cha nne na cha sita, barua pepe na nywila yake, na nakala za vyeti vyote viwe ndani ya bahasha moja inayojulikana ilipo. Jioni hiyo moja ina faida nyingine. Wazazi wengi ndipo kwa mara ya kwanza wanaposikia kutoka kinywani mwa mtoto wao kwamba hataki ualimu.

Nieleze kisa cha binti mmoja wa jirani zetu, nami nimepewa ruhusa ya kukieleza bila ya jina. Alifaulu vizuri masomo ya sayansi. Aliombewa vyuo vitatu, vikamchagua viwili. Kwa taratibu za udahili, mwombaji aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hana budi kuthibitisha kimoja ndani ya siku zilizotangazwa, kwa kutumia namba maalumu ya siri inayotumwa katika simu au barua pepe aliyoijaza wakati wa kuomba. Asipothibitisha, nafasi humponyoka. Namba ya simu iliyojazwa haikuwa yake, wala ya baba yake, wala ya mama yake. Ilikuwa ya mwenye kibanda, ambaye kwa wepesi wa kazi alijaza namba yake kwa wateja wengi, na ambaye wiki hiyo alikuwa amesafiri kwenda msibani kwao. Ujumbe ulifika. Ulikaa katika simu hiyo pamoja na jumbe za watoto wengine. Nyumbani walikuwa wakiamka usiku kumwomba Mwenyezi Mungu Amfungulie mtoto wao njia, na njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa, imo mfukoni mwa suruali ya mtu mwingine.

Binti yule alikaa nyumbani mwaka mzima. Katika mwaka huo zilikuja posa mbili, na haikuwa rahisi kwa wazazi kuzirudisha, maana mjini kwetu msichana aliyemaliza shule na hana chuo huhesabiwa kuwa anangoja kuolewa. Mama yake, ambaye kusoma kwake ni kwa shida, alinunua laini mpya ya simu, akaiandika namba yake kwa mkaa juu ya mlango wa jikoni ili isipotee. Mwaka uliofuata maombi yote yalijazwa kwa namba ile ya mlangoni. Binti yuko chuoni sasa. Sina la kuongeza katika kisa hiki ila hili: barua pepe iwe ya mwombaji mwenyewe, simu iwe ya mtu anayelala nyumba moja naye, na nywila iandikwe mahali ambapo mama anapajua.

Sasa jina. Hapa sisi wasomaji wa gazeti hili tuna udhaifu wetu wenyewe ambao majirani zetu wa dini nyingine hawana kwa kiasi kama chetu. Mtoto huandikishwa darasa la kwanza kwa jina la Hadija Shabani, kama bibi yake anavyolitamka. Akifika madrasa, ustadhi kwa nia njema humwandika Khadija Shaaban. Katika mtihani wa kidato cha nne jina la babu huongezwa, akawa Khadija Shabani Ramadhani. Kwenye kitambulisho cha NIDA ni Hadija Shabani Ramadhan. Sisi tunajua kwamba ni mtoto yule yule tuliyemla akika yake. Mfumo wa kompyuta haukula akika. Kwake hao ni watu wanne, na hauna jirani wa kumuuliza. Vivyo hivyo Mohamedi na Muhammad, Athumani na Uthman, Saidi na Said. Nimesoma chuo cha Kiislamu na najua furaha ya kulirudisha jina katika asili yake ya Kiarabu, lakini nawaomba maustadhi wenzangu tuiache furaha hiyo ibaki katika daftari la madrasa. Jina litakalomfuata mtoto maisha yake yote ni lile atakalosajiliwa nalo kwa mtihani wa kidato cha nne, na hilo lapaswa kulingana na cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi. Mzazi aende shuleni kabla ya usajili huo, aombe kuliona jina la mwanawe kwa macho yake. Ni safari ya asubuhi moja. Kosa likishapita, marekebisho yanahitaji wakili, kiapo na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hayo hayafanyiki kwa asubuhi moja.

Jambo jingine ni fupi, lakini limewaangusha wengi wa waliosoma shule zetu za Kiislamu. NACTVET inapohesabu ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne ya kumwingiza mtu katika chuo cha kati, huhesabu masomo yasiyo ya dini. Kijana mwenye D nne, na moja kati yake ni ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, kwa hesabu hiyo ana D tatu. Somo halijapungukiwa na heshima yake. Ila asiyelijua hilo hulipa ada za maombi mahali ambapo jibu lake tayari limo kitabuni. Kwa shahada ya kwanza, aliyemaliza kidato cha sita anahitaji angalau ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi 4.0, A ikiwa ni 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Hicho ni kizingiti tu. Kila programu ina masomo yake inayoyataka, na zile zinazogombewa hudai zaidi ya hapo. Wenye stashahada nao wana mlango wao, kwa wastani usiopungua 3.0. Mlango huo hapa kwetu haupewi hadhi unayostahiki, kana kwamba aliyepitia chuo cha kati ni mtu aliyeshindwa. Tunao waganga wasaidizi na wauguzi walioanzia huko, wakafanya kazi, wakarudi kusoma shahada wakiwa na mishahara yao.

Kuhusu chuo gani, sitasema mengi, kwa kuwa kila nyumba ina hali yake. Mkoa wenyewe una tawi la Chuo cha Uhasibu (TIA) na VETA mjini Singida, na wilaya yetu ina Chuo cha Ualimu Kinampanda. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, ndicho chuo kikuu kikubwa kilicho karibu nasi. Wazazi wengi wa msikitini hupenda Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichoanza mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, ambayo Serikali ya Rais Mkapa iliyatoa kwa Waislamu. Wengine hutazama Zanzibar: Tunguu, au Chukwani ilipo SUMAIT. Wapo wanaouulizia Mbale, nchini Uganda, penye Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu 1988. Na wapo wenye ndoto ya Madina, au ya Khartoum kabla vita vya Aprili 2023 havijawarudisha wanafunzi nyumbani mikono mitupu. Ninalowaambia wote ni moja: jina la Kiislamu mlangoni si ushahidi wa kutosha. Tafuta katika kitabu cha mwongozo uone kama programu yenyewe, si chuo tu, imo na ina ithibati. Na anayesoma nje ajue mapema kwamba shahada yake itahitaji kutambuliwa na TCU akirudi. Amuulize aliyemtangulia alifanyaje.

Kina baba wanaohofia kumpeleka binti mbali wana hoja, nami siwezi kuwaambia kwamba mjini hakuna hatari. Lakini hofu nayo ina utaratibu wake. Uliza juu ya bweni: liko ndani ya chuo au mtaani? Uliza kama kuna msikiti na kama wanafunzi wa Kiislamu wana jumuiya yao, maana vyuo vingi vinazo, na TAMSYA ina vijana wake karibu kila penye chuo. Mpeleke mwenyewe siku ya kwanza, kutana na dada anayeongoza jumuiya hiyo, chukua namba yake. Baba aliyefanya hivyo hulala. Baba aliyekataa bila ya kuuliza hulala pia, ila binti yake ndiye asiyelala.

Nimefika kwenye mkopo. Baada ya swala ya Isha, mzee mmoja ninayemheshimu sana, mtu wa safu ya mbele, alinivuta pembeni. "Katibu, mwanangu," akasema, "usimjazie kijana wangu ile fomu ya Serikali. Mimi sijawahi kulisha watoto wangu riba, na sitaanza uzeeni." Mzee huyu hakuwa akizua. Kwa miaka kadhaa mikopo ya elimu ya juu ilitozwa asilimia 6 kwa mwaka juu ya salio, ikaitwa tozo ya kutunza thamani ya mkopo. Majina ya mambo hayabadili hakika zake, na masheikh wengi waliona humo sura ya riba iliyo wazi. Kuna vijana wa Kiislamu nchini mwetu walioacha chuo kwa ajili hiyo, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa malipo yao. Lakini Mei Mosi ya mwaka 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo, ikakoma kuanzia Julai mwaka huo.

Mzee alikaa kimya. Kisha akauliza, "Nani amekwambia?" Lilikuwa swali la haki, na laiti watu wote wangeuliza hivyo kabla ya kusambaza fatwa katika simu. Sikumjibu kwa maneno. Nilimletea mkataba wa mkopo uliochapishwa, nikamsomea kifungu kwa kifungu, jioni mbili, yeye akisimamisha kila aliposikia neno ambalo hakulipenda. Tulimwita na imamu. Mimi si mufti na sitatoa hukumu hapa gazetini. Kila familia iusome mkataba wa mwaka wake, maana masharti hubadilika, na ikae na sheikh anayeufahamu. Ila kumzuia mtoto kwa kanuni iliyokwisha kufutwa si uchamungu, ni kukosa habari. Na hata penye kukosekana riba, deni ni deni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka limalizike, na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an imehusu namna ya kuandika deni na kulishuhudisha. Mzee alikubali kwa sharti moja: kijana aliandike deni hilo katika wosia wake tangu siku ya kwanza. Kijana wa miaka ishirini akaandika wosia. Sijawahi kuona hilo kabla.

Bodi haimpi kila mwombaji. Huwatazama kwanza wenye uhitaji uliothibitishwa: yatima, wenye ulemavu, watoto wa kaya masikini. Neno "uliothibitishwa" ndilo linalotuangusha. Cheti cha kuzaliwa chapaswa kuhakikiwa na RITA, na yatima hutakiwa cheti cha kifo cha mzazi, nacho kihakikiwe vile vile. Kwetu sisi Waislamu, maiti haicheleweshwi. Mtu hufariki asubuhi, Alasiri tumekwisha kumzika, na hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Basi udongo ukishafukiwa na khitma ikasomwa, hakuna anayekumbuka kwamba sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Ni nani atakayekwenda kudai karatasi siku ya tatu ya msiba?

Miaka kumi baadaye karatasi ile inadaiwa na mtu mwingine. Kijana mmoja wa hapa, aliyefiwa na baba akiwa darasa la tatu, alijaza katika fomu kwamba ni yatima. Misigiri nzima inajua kwamba ni yatima, tumemlea pamoja. Mfumo ukamdai cheti. Tukaanza kuwatafuta waliomwosha baba yake na walioingia kaburini. Walikuwa wanne. Wawili wamekwisha kumfuata. Wawili waliobaki, mmoja wao akitembea kwa fimbo, walipanda gari nasi mpaka Kiomboi kwenda kuapa kwamba walimzika mtu yule kwa mikono yao. Yule mwenye fimbo alikuwa akikumbuka hata aina ya ubao tuliozibia mwanandani. Cheti kilitoka, alhamdulillahi, lakini kilitoka siku kadhaa baada ya dirisha la mkopo kufungwa. Mwaka wa kwanza ulilipwa kwa michango ya Ijumaa na kwa kuuzwa kwa ng'ombe wa mjomba. Aliomba tena akiwa mwanafunzi anayeendelea, akapata.

Tangu wakati huo kamati ina daftari la mazishi. Huandikwa jina la marehemu kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, tarehe, waliomwosha, na majina ya watoto wake. Mjumbe mmoja hupewa kazi ya kuifuatilia familia ndani ya siku zile 30 mpaka kwa Ofisa Mtendaji wa Kijiji na kwenye usajili. Kina mama wa msikiti wametushinda katika hili. Wao wameanza na upande wa pili, wanauliza cheti cha kuzaliwa kwa kila mtoto anayeletwa madrasa. Wadogo ni wepesi, kwa sababu mpango wa RITA wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, ulifika na mkoani kwetu, na huduma hiyo hutolewa bila malipo. Wazito ni kaka na dada zao waliozaliwa kabla yake, wengi nyumbani, mikononi mwa bibi, ambao ndio leo wako kidato cha pili mpaka cha nne.

Hao ndio tunaokwenda nao Kiomboi. Ni safari ya siku moja, siku ya kazi, si Jumamosi, kwa kuwa msajili hukaa katika ofisi ya wilaya. Tunaondoka baada ya Alfajiri. Gari halina saa, huondoka likijaa, na asubuhi hujaa upesi. Njiani ni mashamba ya alizeti na mtama, mawe makubwa yaliyokaa kama watu waliochoka, na baridi ya Iramba ambayo wageni hawaiamini mpaka iwafike. Anayetaka kuandamana nasi apite kwanza kwa Mtendaji wa kijiji chake achukue barua. Aje na kadi ya kliniki ya mtoto kama ipo, na kama haipo aje na cheti cha kumaliza elimu ya msingi, pamoja na kitambulisho cha mzazi na nakala mbili za kila karatasi. Aliyefiwa na asiye na cheti cha kifo aje na wazee wawili waliokuwapo mazikoni, na ikiwa ni wazee sana aniambie mapema, nitawawekea viti vya mbele.